Kumfundisha mtoto mdogo kushea na habari za chakula kwa imani ya Kikristo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi na walimu wenzangu wa sande skuli wananiuliza karibu kila wiki, mi nafundisha darasa la wadogo, wale wa miaka miwili na nusu hadi saba hivi, kwa hiyo nimeona niyaweke pamoja. Mimi si mchungaji wala daktari. Sehemu za Biblia nimezitaja ili ukasome mwenyewe kabla hujamsimulia mtoto, na naomba ufanye hivyo kweli, maana mengi tunayofundisha tunayatoa kichwani tulivyoyasikia tukiwa wadogo na kumbe hayajaandikwa hivyo.

Mwanangu ana miaka miwili, kila kitu ni "changu! changu!" Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Kuanzia kama mwaka mmoja na nusu mpaka mitatu mtoto ndo anagundua kwamba yeye ni mtu na kwamba kuna vitu vinaitwa vyake, ni hatua kubwa kwake, na hawezi kutoa kitu ambacho hajawahi kukishika akajua ni chake. Watoto wa umri huu ukiwaweka pamoja utaona wanacheza kando kando, kila mmoja na lake, na hiyo ni kawaida kabisa. Kuanza kuelewa kwamba mwenzangu naye anakitaka kama mimi ninavyokitaka kunakuja taratibu kwenye miaka mitatu, minne, na hata hapo mtoto anaweza kukwambia vizuri sana kwamba kugawana sawasawa ndo haki alafu yeye mwenyewe akabaki na kipande kikubwa. Anajua ila mkono haujafuata, hali ambayo Paulo akiwa mtu mzima na mtume kaiandika kwenye Warumi 7.

Kwa mtoto wa miaka miwili fanya mchezo wa kupeana tu. Anakupa mpira, unasema asante, unamrudishia. Rudia mara mia. Akishazoea kwamba kitu kikitoka mkononi mwake kinaweza kurudi, siku akipewa biskuti mbili hatoona ajabu kumpa mtu moja.

Akikataa kushea nimnyang'anye nimpe mwenzake?

Mi nasema hapana, na hili ndo jambo naliamini kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ukimnyang'anya umemfundisha kitu kimoja, kwamba mwenye nguvu anachukua, na ukiongeza "Yesu anataka ushee" basi Yesu ndo amekuwa yule mkubwa anayekuja kuchukua vitu vya watoto. Angalia ile stori ya mikate mitano, hakuna mahali Andrea, mwanafunzi wa Yesu, kamkwapulia yule kijana mwenye mikate chakula chake. Na 2 Wakorintho 9:7 inasema wazi kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Wazee wetu nao walisema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, sasa kama ni moyo utaulazimishaje kwa mkono?

Haimaanishi umwache tu. Tumia zamu. Mwambie "we maliza kwanza, ukimaliza ni zamu ya mwenzako", alafu simamia kweli, hata kama inachukua dakika tano na yule mwingine analia. Yule anayelia naye anajifunza kitu, kwamba zamu yake itafika na mtu mzima hajamdanganya. Na kuna vitu vichache mtoto aruhusiwe kutovitoa kabisa, kile kidoli anacholala nacho au shuka lake, kifiche kabla wageni hawajaja uepushe vita.

Nianze na stori gani ya Biblia?

Mikate mitano na samaki wawili, bila kufikiria mara mbili. Ukiacha kufufuka kwa Yesu, ndo muujiza pekee ambao upo kwenye Injili zote nne, ila kijana mwenyewe yupo kwa Yohana tu, sura ya 6, na hapo ndo tunaambiwa mikate ilikuwa ya shayiri, ambayo ilikuwa mikate ya watu wa kawaida wasio na kitu kikubwa. Mathayo anasema wanaume walikuwa kama 5000 bila kuhesabu wanawake na watoto, na hilo waambie watoto darasani, "na watoto walikuwepo, ila hawakuhesabiwa, na wao walikula." Macho yanavyowatoka!

Vitu ambavyo nimeona vinawashika: Filipo, mwanafunzi mwingine, anapiga hesabu kwamba dinari 200 hazitoshi, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo waambie ni hela ya kufanya kazi siku 200 na bado kila mtu angepata kidogo tu. Alafu Marko 6 inasema watu waliketishwa kwenye nyasi mabichi makundi makundi, hamsini hamsini na mia mia. Waketishe na wao makundi. Mikate ipite mkono kwa mkono, maana hata siku ile Yesu aliwapa wanafunzi na wanafunzi wakawapa watu, kila kipande kilipita kwenye mkono wa mtu. Wakishakula, mpe mtoto mmoja kikapu akusanye vipande. Vikapu 12 vilijaa. Hesabu pamoja nao mpaka 12, wadogo wanapenda kuhesabu kuliko tunavyodhani.

Usiharakishe kusema fundisho. Kuna walimu wanasimulia dakika mbili na kufundisha dakika ishirini, geuza.

Nimesikia mtu anafundisha kwamba muujiza ulikuwa watu kutoa chakula walichokificha. Niwafundishe hivyo watoto?

Hapana. Naelewa kwa nini inavutia ukiwa na somo la kushea, yaani inakuja kirahisi, kijana katoa na wengine wakaona aibu wakatoa vyao. Lakini haijaandikwa hivyo mahali popote kwenye hizo Injili nne, na watu waliokula walimwona Yesu kuwa ni nabii na wakataka kumfanya mfalme, jambo ambalo hawangefanya kwa sababu jirani kafungua mfuko wake. Na kuna shida nyingine kwa mtoto: stori inakuwa ni ya watu kuaibishwa. Ilivyoandikwa ni nzuri zaidi, kijana alikuwa na kidogo, kikafika kwa Yesu, na yeye naye akala. Hilo la mwisho lisisitize sana, hakuna aliyebaki na njaa siku ile kwa sababu ya kutoa.

Mwanangu kaniuliza, kama Yesu aliwalisha wote wale kwa nini kuna watoto wanalala njaa leo? Nilikosa jibu.

Hata mimi jibu kamili sina, na nadhani mtoto akiona mama au baba anafikiri kwa uzito ni sehemu ya jibu. Yapo mambo mawili ya kweli ambayo unaweza kumwambia. La kwanza, dunia inatoa chakula cha kutosha watu wote, ila hakiwafikii wote, sababu ya vita, ukame, watu kukosa hela, na wengine kuchukua kingi kuliko haja yao. La pili, siku ile kabla ya muujiza Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawape watu chakula wao wenyewe, hakuwaambia wakae pembeni watazame.

Ila kuwa makini usimbebeshe mzigo mtoto wa miaka mitano, asitoke hapo akidhani njaa ya dunia ni kosa lake kwa sababu alikula biskuti. Mwache ahuzunike kidogo, ombeni pamoja, alafu mfanye kitu kimoja kidogo ambacho anakiona kwa macho yake, kama kupeleka chakula kwa mtu mnayemjua. Na usimwambie kamwe kwamba wenye njaa wanaadhibiwa au hawajaomba vya kutosha. Kwenye Mathayo 25 Yesu kajiweka upande wa mwenye njaa, kasema alikuwa na njaa wakampa chakula.

"Mimi ndimi chakula cha uzima" namweleza vipi mtoto wa miaka minne?

Kwa uangalifu. Mtoto wa umri huu anachukua neno kama lilivyo, ukimwambia Yesu ni mkate atakuuliza kama tunamtafuna. Usimcheke wala usimwambie anyamaze, watu wazima waliomsikia Yesu mwenyewe waliuliza swali hilohilo, Yohana 6:52, tena kwa ukali.

Mi naanzia kwenye njaa. "Ukiwa na njaa unajisikiaje?" Watakwambia tumbo linauma, nalia, nakasirika. "Na usiku ukiamka unaogopa, unataka mkate?" Hapana! Nataka mama. Basi hapo wamefika wenyewe kwamba kuna njaa ambayo mkate hauitulizi, na unawaambia kwamba Yesu anasema ukija kwake anakutuliza hiyo. Inatosha. Mengine yatakuja akiwa na miaka kumi.

Lakini usiruke kwenye njaa ya moyo kabla hujaheshimu njaa ya tumbo, Biblia yenyewe hairuki. Eliya kachoka mpaka anaomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Binti wa Yairo wa miaka 12 kafufuliwa, watu wanashangaa, na Yesu anasema apewe chakula, Marko 5:43. Mi huu mstari naupenda sana, yaani katikati ya muujiza mkubwa vile yeye ndo anakumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Na mana?

Mana, yaani kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani, ni nzuri kwa wale wa miaka mitano kwenda juu, Kutoka 16. Kuna sehemu moja hapo ambayo ni dhahabu kwa somo hili, aliyekusanya kingi hakikumzidi na aliyekusanya kidogo hakikumpungukia, na waliojiwekea mpaka asubuhi kikaoza kikaingia mabuu. Watoto wanafurahia mabuu. Ila malizia stori, siku ya sita walikusanya mara mbili na hakikuoza, ili mtoto asidhani kuweka akiba ni dhambi.

Kwenye Meza ya Bwana mwanangu anarukwa, anauliza mbona tunafundishwa kushea na yeye ananyimwa?

Swali la haki kabisa hilo na makanisa hayafanani. Waorthodoksi wanawapa hata watoto wachanga wakishabatizwa. Wakatoliki, tangu agizo la Papa Pius X la mwaka 1910, wanaanzia kwenye umri wa kama miaka saba, mtoto anapoweza kutofautisha mkate huu na mkate wa kawaida. Walutheri wengi na Waanglikana wengi wanasubiri kipaimara ingawa kuna sehemu wameshabadilisha, na wanaobatiza watu wakubwa tu mara nyingi wanasubiri ubatizo.

We fuata kanisa lako, ila usimwache mtoto agundue palepale kwenye benchi. Mwambie nyumbani mapema, "leo kuna mkate wa Yesu, wewe wako unakuja, sasa hivi unajifunza habari zake." Kama kwenu watoto wanabarikiwa wakati huo, mpeleke, apate mkono kichwani. Na walimu wenzangu, tafadhali, msiigize Meza ya Bwana darasani kwa juisi na biskuti bila kuongea na mchungaji au padri, nimeona inaleta maneno makubwa.

Nimwambie amalize sahani kwa sababu kuna watoto wana njaa?

Niliambiwa hivyo mimi na wewe pengine uliambiwa, lakini akimaliza yule mwenye njaa hapati kitu, na mtoto anabaki na tumbo linalouma pamoja na hatia. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana utaratibu ambao familia nyingi zinautumia: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani na kama atakula. Mi naona unaendana vizuri na imani yetu, kwamba chakula ni zawadi.

Kuhusu kutopoteza, pakua kidogo kidogo na aongezewe akitaka. Mwonyeshe Yohana 6:12, Yesu aliagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu, hakuagiza watu wale mpaka wavimbiwe.

Kuomba kabla ya kula mtoto anapayuka tu haraka haraka, nifanyeje?

Fupisha sala. Acha ataje kitu kimoja kwenye sahani na mtu mmoja aliyehusika kukifikisha, aliyelima, aliyebeba, aliyepika. Na Baba Yetu ukiwafundisha, simama kwenye "utupe leo riziki yetu" uwaulize, ni yangu au ni yetu?

Darasani vitafunwa vinaleta ugomvi, kila mtu anaona mwenzake kapewa kikubwa.

Ugomvi huu una umri wa kanisa lenyewe. Korintho wenye nacho walikula wakashiba wengine wakabaki na njaa, Paulo akawaandikia kwa ukali, na Yerusalemu wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku mpaka wakachaguliwa watu saba wasimamie, Matendo 6. Kwa hiyo usiwaambie watoto wawe wazuri tu, weka utaratibu. Wawili wakigawana kitu kimoja, mmoja akate mwingine achague, utashangaa wanavyokata kwa kipimo. Mgawaji awe mtoto tofauti kila wiki na ajihudumie mwisho, ila hakikisha kuna kilichobaki! Nimeshaona mtoto kagawa kwa uaminifu alafu kikaisha kwake, na mwalimu akasema "Mungu atakubariki". Hapana jamani, ukiona kinaisha toa chako umpe.

Kuna tahadhari gani kwenye chakula cha darasani?

Hii isome hata kama umeruka mengine. Waulize wazazi wote kwa maandishi kuhusu aleji, karanga, maziwa, mayai, ngano, samaki, ufuta, na wafundishe watoto kwamba chakula tunagawana mwalimu akiwepo, maana mtoto mwenye moyo mzuri anaweza kumpa mwenzake kitu kitakachomdhuru. Wa chini ya miaka minne hadi mitano usiwape karanga nzima, pipi ngumu, wala zabibu mbichi nzima, hizo zabibu zikate kwa urefu, na wale wakiwa wamekaa. Na lile somo la nchi ya maziwa na asali ambapo tunawaonjesha asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe kabisa, hata tone, asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa mbaya wa kulegeza misuli kwa watoto wachanga. Kuna wadogo wanaoletwa na dada zao, waangalie hao.

Nina mtoto darasani ambaye nadhani kwao chakula ni shida. Somo la kutoa linamuumiza?

Linaweza, ukilifundisha kana kwamba kila mtu aliye mbele yako anacho. Nilikuwa na mtoto mmoja, wa miaka sita hivi, nikamwona anaficha biskuti ya pili mfukoni, nikamsema mbele ya wenzake kuhusu uchoyo. Mwisho wa ibada nikamkuta anampa mdogo wake nje. Sijasahau sura yake na sijasahau kwamba nilichelewa wiki nzima kumwomba msamaha.

Baadaye nikakutana na Ruthu 2 kwa macho mapya. Boazi, mwenye shamba, anampa chakula Ruthu, mjane mgeni aliyekuja kuokota masazo ya mavuno, Ruthu anakula, anashiba, anasaza, na jioni anatoa kile alichosaza anampa mama mkwe wake. Hakuna aliyemwita mchoyo. Na mavuno yenyewe aliyoyaokota yalikuwa haki yake kwa sheria, Walawi 19 inamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, amwachie maskini na mgeni. Tangu hapo mezani kwangu kuna sahani ya "kubeba", mtoto yeyote anachukua cha kupeleka nyumbani na haulizwi. Wengine wanabeba kwa raha tu, sawa. Yule anayebeba kwa sababu nyingine hajulikani.

Nimpe stika kila akishea?

Siku mbili tatu za kumtia moyo sawa, zikizidi anaanza kushea akiwa anakuangalia wewe usoni. Mwambie tu ulichokiona: "umempa kipande, kaacha kulia."

Sadaka ya mtoto, nimpe mimi hela atumbukize?

Ni mazoezi ya mkono, si mbaya, ila moyo haujui kama katoa kitu. Kuanzia miaka mitano hivi acha atoe cha kwake hata kiwe kidogo sana, na umsimulie mjane wa senti mbili, Luka 21. Akisema leo sitoi, asitoe.

Mwanangu kagawa chakula chake chote shuleni karudi na njaa. Nimgombeze au nimsifu?

Mlishe kwanza, bila hotuba, akiwa amekaa vizuri. Akishashiba muulize ilikuwaje, na sikiliza sana jibu, maana kuna tofauti kubwa kati ya "mwenzangu hakuwa nacho" na "yule mkubwa alisema nimpe". La pili ni uonevu, nenda kaongee na mwalimu wake. La kwanza mwambie umefurahi, na mfundishe kugawa nusu, Luka 3:11 Yohana Mbatizaji kasema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, yaani anabaki na moja. Na kama unaweza, kesho muongezee kidogo kwenye kile anachobeba, na muulize jina la huyo rafiki.